Mcheza Kwao Hutunzwa: Bingwa wa Dansi, Kioo cha Televisheni na Uwanja wa Wathi

Methali isemayo "mcheza kwao hutunzwa" imezoeleka kiasi kwamba ni nadra mhakiki kusimama na kuichungua. Hufasiriwa kijuujuu kuwa ni wito wa uzalendo: atendaye jambo kwao hupata shukrani. Lakini methali hii ilizaliwa ngomani, na maneno yake ni maneno ya ngomani. Kumtunza mchezaji, au kumtuza, ni kuondoka mahali ulipoketi, kuingia uwanjani kwa miguu yako mwenyewe na kumpa mchezaji sarafu, noti au leso huku watu wakitazama. Mwenye kutunza hujitokeza. Naye huonwa, hupimwa, na pengine huchekwa kwa kiasi alichotoa. Kwa hiyo kutunzwa si sawa na kulipwa. Ni kujibiwa.

Makala haya yanaichukua methali hiyo kama kipimo cha suala la kimaadili linalozuka kila mara sanaa ya kucheza inapohamishwa kutoka uwanjani hadi kwenye kioo cha televisheni. Suala lenyewe ni hili: mchezaji aliyejipatia jina katika mashindano, kisha akayaacha mashindano akawa mburudishaji, anamjibu nani? Kuna wanaosema kwamba mchezaji huyo amejiuza, amebadilisha ubora kwa umaarufu. Kuna wengine wasemao kwamba amefaulu, kwani mchezaji asiyetazamwa ni sawa na asiyecheza. Kauli zote mbili zina kasoro moja. Zinauchunguza moyo wa mchezaji, ambao haujulikani, na kuuacha uwanja, ambao unaonekana. Ni nani waliouzunguka uwanja huo? Wakichukizwa wanaweza kufanya nini? Je, aliyeketi leo anaweza kusimama kesho akacheza kushindana na yule anayemtazama? Haya ndiyo maswali yenye uzito. Machakos ni mahali pazuri pa kuyaulizia, kwa sababu ngoma za Wakamba zimepita katika hatua zote za safari hiyo: uwanja wa kijiji, jukwaa la watalii na kioo.

Bingwa na mwendo wake

Hata hivyo, kabla ya kufika Machakos inafaa kuanza na mtu ambaye maisha yake yanalionyesha suala hili kwa uwazi kuliko mengine, na ambaye aina ya dansi aliyoiwekea kanuni ilikuja kuchezwa katika kumbi za Afrika Mashariki. Victor Silvester, mtoto wa kasisi wa Kiingereza aliyezaliwa mwaka 1900, alishinda ubingwa wa dunia wa dansi ya ukumbini mwaka 1922 akiwa na mwenzake Phyllis Clarke. Wakati huo dansi yenyewe ilikuwa haijatulia. Walimu wa Uingereza ndio kwanza walikuwa wameanza, mwaka 1920, kukutana na kukubaliana ni hatua zipi zikubalike na zipi zikataliwe. Silvester aliingia katika kazi hiyo ya kuweka kanuni, na kitabu chake cha mafunzo, Modern Ballroom Dancing, kilichotoka mwaka 1927, kiliendelea kuchapwa upya kwa miongo mingi. Mwaka 1935 akaunda bendi. Sababu ilikuwa ya kifundi: santuri zilizokuwa madukani hazikuwa na mwendo ambao mchezaji angeweza kuutegemea. Bendi yake ilipiga kwa mwendo usiobadilika tangu mwanzo hadi mwisho, bila madoido ya kumtoa mchezaji katika hatua. Katika miaka ya Vita vya Pili vya Dunia alikuwa na kipindi katika redio ya BBC, na kuanzia mwaka 1948 akawa na kipindi cha televisheni kilichodumu kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Katika vipindi hivyo hatua zilifundishwa, kisha muziki ukapigwa.

Wapenzi wa jazi walimdharau. Kwao muziki wa Silvester ulikuwa mfu, kwa kuwa haukuwa na ubunifu wa papo kwa papo, na ni kweli kwamba atakayezisikiliza santuri zake akiwa ameketi atachoka upesi. Hilo ndilo jambo la kuzingatia. Santuri hizo hazikukusudiwa mtu aliyeketi. Mwanamuziki alikuwa amejiweka chini ya mguu wa mtu asiyemwona, mtu ambaye angesogeza meza, akunje zulia na kujaribu. Mburudishaji huyu hakumwona msikilizaji wake, lakini alimwachia nafasi ya kujibu kwa mwili. Kwa hiyo si sahihi kudai kwamba chombo cha mawasiliano chenyewe, kiwe redio au televisheni, ndicho kinachoua uhusiano kati ya mchezaji na mtazamaji.

Ukitaka ushahidi, uko katika shirika lile lile. Mpango wa BBC ulioitwa Come Dancing ulianza karibu na miaka hiyo kwa kuzitembelea kumbi za dansi na kuwaonyesha walimu wakifundisha. Mwaka 1953 ukageuzwa kuwa mashindano. Tangu hapo hadi ulipokoma mwaka 1998 mtazamaji alibaki kitini akihesabu alama na kuzistaajabia nguo za kumetameta. Dansi ilikuwa ile ile, na wachezaji pengine walikuwa hodari zaidi. Kilichobadilika ni kile ambacho mtazamaji aliombwa kufanya.

Katika miaka ya 1930 na 1940 dansi hiyo ilikuwa imekwisha kufika Afrika Mashariki. Kabla yake palikuwa na beni, ngoma ya mashindano iliyoanzia katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, ikaenea hadi Tanganyika na kwingineko na vyeo vyake, sare zake na uhasama wa makundi mawili mawili. Huko Tanganyika Marini na Arinoti ndiyo yaliyovuma. Terence Ranger, katika Dance and Society in Eastern Africa (1975), ameonyesha jinsi vijana wa mijini walivyoipa beni kisogo wakaingia katika vilabu vya dansi, wakavaa suti na gauni ndefu. Nairobi nako kumbi za Pumwani na Kaloleni zikawa na usiku wake wa dansi. Ni rahisi kuwaita vijana hao waigaji, na wengi wamewaita hivyo. Lakini kushindana walikujua tangu beni. Walichochukua ni hatua na mavazi.

Mkosoaji mkali kuliko wote wa dansi hiyo ni mhusika wa kubuni. Lawino, katika shairi refu la Okot p'Bitek lililochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1966 na kufasiriwa baadaye kwa Kiswahili na Paul Sozigwa kwa jina Wimbo wa Lawino, anachukizwa na watu wanaokumbatiana hadharani, na ukumbi wenye giza, moshi, kelele na ulevi. Wahakiki wengi wamemsoma Lawino kama sauti ya jadi inayopingana na usasa wa mumewe Ocol. Usomaji huo si wa uongo lakini ni mwembamba. Anapoisifu ngoma ya Waacoli, Lawino haisifu kwa sababu tu ni ya kale. Anaisifu kwa kuwa huchezwa mahali pa wazi, ambapo afya ya mchezaji, tabia yake na hata ufidhuli wake huonekana, na ambapo mchezaji huchokoza naye akachokozwa. Shutuma yake kubwa dhidi ya dansi ya ukumbini ni kwamba ndani ya giza lile hakuna anayemjibu mwenziwe. Ni vyema pia kukumbuka kwamba Okot hakuwa adui wa jukwaa. Alikuwa mchezaji na mtunzi, alikuwa katika timu ya kandanda ya Uganda iliyozuru Uingereza mwaka 1956, akakiongoza Kituo cha Utamaduni cha Taifa mjini Kampala, na mwaka 1968 akaandaa tamasha kubwa mjini Kisumu. Mtu aliyekodi majukwaa na kuwaita watazamaji hawezi kudhaniwa kwamba aliamini kila onyesho ni usaliti.

Uwanja wa wathi

Machakos ilikuwa kituo cha Waingereza tangu mwaka 1889, kabla reli haijaupita mji huo kando na kuipa Nairobi ukubwa. Mbali na ofisi hizo, katika vilima vya Iveti, Kangundo, Masii na Mwala, wathi, yaani ngoma kwa Kikamba, uliendelea kwa taratibu zake. Ngoma hizi hazikupangwa kwa ubora bali kwa umri na shughuli. Kilumi ilikuwa ngoma ya ibada, ya kuponya na kuomba mvua. Mbalya ilikuwa ya vijana waliokutana jioni baada ya kazi za mchana. Mbeni ilikuwa ya wavulana na wasichana wenye miili myepesi. Kyaa ilikuwa ya wazee wa kiume na wa kike. Mtu hakuwa mchezaji na mwingine mtazamaji kwa maisha yote. Aliyeketi alikuwa amekwisha kucheza au alikuwa anangoja umri wake.

Katika mbeni ndipo ushindani ulipokuwa na makali. Filimbi hulia, ngoma hubadilisha mdundo, na mchezaji hujirusha hewani, akajigeuza na kutua kwa miguu. (Jina la mbeni linafanana mno na la beni ya pwani, lakini kufanana kwa majina si hoja.) Hakuna anayehitaji kuelezwa kwamba mrukaji ameanguka. Hata hivyo, kuruka peke yake hakukutosha, kwani mbele ya wachezaji alisimama ngui, mtunzi na kiongozi wa wimbo, ambaye kazi yake ilikuwa ya maneno. Ngui ndiye aliyetunga myali, nyimbo za kukanya, zilizomtaja mvivu, mchoyo na mdanganyifu kwa namna ambayo kila mtu alimjua. Neno la ngui lilikuwa na nguvu kwa sababu aliyelengwa alikuwapo, au ndugu yake alikuwapo, na jibu lingeweza kutungwa na ngui wa upande wa pili kabla ya ngoma ijayo. Ngui aliyesema uongo aliujua uwanja ambao ungemrudi.

Hapa pana nafasi ya kumrejea Plato, ambaye katika kitabu cha pili cha Sheria aliligusa suala hili hili. Anasema kwamba asiyefunzwa kucheza na kuimba katika kwaya hana elimu, na katika mji wake wa kubuni anaipa kila rika kwaya yake, watoto, vijana na watu wazima. Kisha anasema kwamba mwamuzi wa mashindano hapaswi kuwa mwanafunzi wa watazamaji bali mwalimu wao, na anailaumu desturi ya Italia na Sicily ya kuwaachia watazamaji wamchague mshindi kwa kuinua mikono. Desturi hiyo, kwa maoni yake, imewaharibu watunzi. Kauli hizi mbili hazikai vizuri pamoja. Ikiwa kila raia amefunzwa kucheza, kwa nini mikono yake iogopwe? Inaelekea kwamba Plato aliuogopa umati usiocheza, umati uliokuja kuketi na kupendezwa. Akautafutia dawa katika mwamuzi mmoja mwenye hekima. Uwanja wa wathi haukuhitaji dawa hiyo, kwa kuwa haukuwa na umati wa namna hiyo. Waliohukumu walikuwa wachezaji wa jana na wa kesho.

Isidhaniwe kwamba uwanja huo ulikuwa pepo. Myali ziliweza kumvunja mtu asiye na hatia, na asiye na ngui wa kumtetea hakuwa na mahali pa kukimbilia. Jamii ndogo inayojuana ina ukatili wake, na hakuna sababu ya kuupamba kwa sababu tu umekwisha. Kuna pia wale waliouacha uwanja kwa hiari. Wamisheni wa Africa Inland Mission, walioingia Ukambani kuanzia mwaka 1895, waliwakataza waumini wao kucheza ngoma, na kwa baadhi ya wasichana na wavulana katazo hilo lilikuwa mlango wa kutokea. Mhakiki anayeusifu uwanja bila kuwakumbuka hawa anaandika ngano.

Jukwaa na kioo

Baada ya uhuru, dola iliichukua tena ile ngoma iliyokuwa imekatazwa na kuipa jina jipya: utamaduni. Bomas of Kenya ilianzishwa na serikali mwaka 1971 katika eneo la Lang'ata, Nairobi, chini ya shirika la maendeleo ya utalii. Wachezaji wake walikuwa waajiriwa wenye mishahara, nao walijifunza ngoma za makabila mengi. Mtu aliyezaliwa magharibi ya nchi aliweza kujirusha kama Mkamba alasiri hiyo, kisha akabadilisha mavazi na kuwa mtu wa pwani. Televisheni nayo, iliyoanza nchini mwaka 1962, iliwaonyesha wananchi vikundi vya ngoma vikitumbuiza katika sikukuu za taifa, mbele ya jukwaa la viongozi.

Faida za hatua hii zisipuuzwe. Kijana aliyeambiwa kanisani kwamba kuruka kwake ni ushenzi aliwaona watu wakikilipia kiingilio kitu hicho hicho. Aidha, dhana kwamba ngoma ya Wakamba isichezwe na asiye Mkamba haina msingi wa kimaadili; Silvester hakuizaa tango, na hakuna aliyemdai cheti cha kuzaliwa. Tatizo liko kwingine. Mtalii aliyeketi katika ukumbi wa Bomas hakujua ni kuruka kupi kulikuwa kwema na kupi kulikuwa kwa kawaida. Alipiga makofi kwa yote mawili. Mchezaji aliyejitahidi na mchezaji aliyechoka walipata jibu moja, na jibu lililo moja kwa wote si jibu. Ama katika sikukuu za taifa, hali ilikuwa nzito zaidi. Ngui aliyesimama mbele ya jukwaa la wakubwa hakuweza kuimba myali. Aliimba sifa. Kamera ziliipeleka sura yake nyumba nyingi kuliko mababu zake walivyoweza kuota, na katika nyumba zote hizo alionekana akifanya kinyume cha kazi ya ngui.

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kusema kwamba sanaa ni kioo cha jamii. Lugha imefanya mzaha kwa kukiita hata kile cha televisheni kioo, ilhali hicho hakimrudishii mtazamaji uso wake. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind (1986), alieleza jinsi ukoloni ulivyoiondoa michezo katika nafasi ya wazi ya kijiji na kuifungia ndani ya kuta za kumbi. Kioo ni ukuta wa namna hiyo, ila huu unapenyeza mwanga kwa upande mmoja tu.

Linganisha na jirani wa mchezaji, mchongaji wa Wamunyu. Mutisya Munge alirejea Wamunyu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa na ufundi wa kuchonga alioupata Tanganyika, na kutokana naye ikaota biashara kubwa ya vinyago. Mengi yamesemwa kuhusu swala na twiga wanaofanana kama chapa. Lakini mchongaji ana kinga ambayo mchezaji hana. Kinyago husafiri na mchongaji hubaki. Mnunuzi asipokielewa, anakidharau kinyago peke yake. Mchezaji hawezi kuipeleka sanaa yake sokoni na kuuacha mwili nyumbani. Akieleweka vibaya, yeye mwenyewe ndiye aliyeeleweka vibaya. Kwa hiyo deni la wanaomtazama kwake ni kubwa kuliko deni la wanunuzi wa vinyago, na ndiyo maana neno kutunza lilizaliwa ngomani wala halikuzaliwa sokoni.

Televisheni yenyewe imewahi kulihisi pengo hili na kujaribu kuliziba. Mwaka 2004 BBC ilianzisha Strictly Come Dancing, ambamo mtu maarufu asiyejua kucheza huunganishwa na mchezaji bingwa, waamuzi hutoa alama, na watazamaji hupiga kura. Hapo mwamuzi wa Plato na mikono ya Sicily vimewekwa katika chungu kimoja. Kura hiyo inafanana na kutunza lakini haifiki. Mpiga kura haonwi, halazimiki kujua lolote, na hachekwi na mtu kwa uamuzi wake. Ni sarafu inayotupwa kutoka gizani.

Hata hivyo, ndani ya mpango huo huo kuna jambo ambalo wapinzani wake hawakulitazama kwa makini. Oti Mabuse alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1990, akasomea uhandisi wa ujenzi, akawa bingwa wa nchi yake mara kadhaa katika dansi za Kilatini, kisha akajiunga na mpango huo mwaka 2015. Alishinda mwaka 2019, na mwaka 2020 akashinda tena akiwa na mchekeshaji Bill Bailey, mtu mwenye umri wa miaka 55 ambaye hakuna aliyemdhania mchezaji. Kwa kipimo cha mashindano alikocheza awali Mabuse, kazi hiyo ilikuwa ya kushuka. Bingwa alikuwa amefunga mguu wake kwenye mguu wa mtu mzito. Lakini kwa kipimo kinachotumika hapa, mguu huo mzito ndio uliomrudishia mwenye kumjibu. Kila kosa la mwanafunzi lilikuwa jibu kwa mwalimu, naye hakuweza kulikwepa kwa tabasamu. Sehemu iliyo burudani zaidi kwa mtazamaji, yaani mtu maarufu anayejikwaa, ndiyo iliyokuwa na uaminifu zaidi kwa upande wa sanaa. Silvester angeielewa.

(Sikio la Mswahili husikia jibu ndani ya wajibu. Kwa Kiarabu ni mizizi miwili tofauti, na hoja isijengwe juu ya sadfa hiyo. Lakini sikio nalo lina haki zake.)

Tukirudi Machakos, ni dhahiri kwamba lawama ya kujiuza imekuwa ikielekezwa kwa mtu asiyestahili. Kijana wa Masii au Mwala aliyekwenda Nairobi kuruka kwa mshahara hakuukana uwanja. Uwanja wenyewe ulikuwa umepungukiwa na watu, wengine wakiwa kanisani, wengine wakiwa viwandani Athi River. Wa kuulizwa ni wale walionunua kuruka kwake bila kununua kingine. Walimchukua mrukaji wakamwacha ngui, kwa sababu mrukaji haelekei kumkosoa mtu. Mwaka 2013 serikali ya kaunti ya Machakos, chini ya Alfred Mutua aliyewahi kuwa mtayarishaji wa michezo ya televisheni, ilitangaza azma ya kuufanya mji huo kitovu cha filamu, ikauita mpango huo Machawood. Jina liliazimwa Hollywood. Hilo si dhambi. Swali lililopaswa kuulizwa mapema ni kama kamera zilikusudiwa kumfuata ngui mahali anapojibiwa, ama kumleta ngui mahali kamera ilipo.

Sheria imejaribu kusaidia. Kenya ilitunga mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inayoitambua jamii kuwa mmiliki wa sanaa zake. Kwa maneno mengine, "kwao" katika methali imepata jina la kisheria. Hiyo ni hatua. Lakini jamii iliyotambuliwa na sheria ni jamii inayomiliki, na inayomiliki inaweza kukodisha, kuuza na kukusanya ada bila mtu yeyote kuondoka kitini. Wimbo wa myali alioutunga ngui mmoja kumhusu mtu mmoja katika msimu mmoja wa njaa, je, ni wa jamii nzima? Na yule aliyeimbwa, ana fungu lake? Hakimu atakayeletewa kesi ya namna hiyo hatapata msaada mkubwa kwa kusoma vifungu.

Limebaki suala la umri, ambalo kwa mchezaji ni suala la maisha na mauti. Magoti ya mrukaji hayadumu. Katika dansi ya ukumbini mashindano yalimwachia bingwa mahali pa kuzeekea: alifungua shule, akawa mwamuzi. Len Goodman, mchomeleaji wa vyuma aliyekuwa mshindani kisha mwalimu wa dansi, alianza kuwa mwamuzi mkuu wa Strictly Come Dancing akiwa na miaka 60 na akaiacha kazi hiyo mwaka 2016 akiwa na miaka 72. Watazamaji walimpenda kwa uzee wake, na hukumu zake zilikuwa na uzito kwa kuwa miguu yake ilikuwa imepita huko. Katika wathi mzee hakupewa kiti cha mwamuzi peke yake. Alipewa ngoma. Aliyeshindwa kuruka mbeni alingojewa na kyaa, ngoma ya hatua fupi, ya watu wanaojuana tangu ujana, ambao kila mmoja anakumbuka jinsi mwenziwe alivyokuwa akitua zamani. Mbeni ndiyo iliyosafiri hadi Lang'ata na kwenye kioo. Kyaa haikuwa na cha kumshangaza mgeni. Mrukaji aliyestaafu jukwaani akarudi Mwala alikuta vijana wanaomfahamu kwa picha, na wazee wa rika lake ambao miaka yote ile walikuwa wakicheza bila yeye.